Ikulu Kuhamia Koki

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza mchezo mpya wa kompyuta, ule wa kujenga miji. Dola mpya, ramani mpya, mume yuleyule.

Utaratibu ni wa miaka yote: kompyuta moja, dola moja, watu wawili. Mimi nacheza raundi kumi saa sita mchana, plasta ikikauka kwenye vipimo vya taya za wateja wangu wa meno ya bandia. Yeye anacheza kumi akirudi kutoka mtambo wa maji, saa tisa, akishavua viatu — kimoja mlangoni, kingine Mungu ndiye ajuaye. Na katikati yetu kuna daftari. Daftari la makabidhiano! Kule mtamboni mwenye zamu hatoki mpaka aandike pampu ngapi zinafanya kazi, vali ipi imefunguliwa, nani kaifungua. Basi na nyumbani vivyo hivyo. "Raundi ya 20. Miji miwili. Wananchi wametulia. Kibarua mmoja amechelewa njiani." Mimi naandika "poa". Anakasirika.

Kanuni kuu ameiandika kwenye jalada kwa wino mwekundu: ALIYEFUNGUA NDIYE AFUNGE. Yaani kazi aliyoianzisha mwenzako usiisimamishe mpaka umuulize. Kumbe zamani kuna mtu alifunga vali ya mwenzake bila kuuliza, mtaa mzima ukaoga kwa kikombe. Sawa, nimeelewa. Ila hapa tunazungumzia watu wa kwenye kioo, wafupi kuliko ukucha wangu.

Leo nimejenga mji mkuu palepale waliposhuka walowezi, raundi ya kwanza. Mto upo, kilima kipo, unataka nini tena? Nimeuita Gego. Yeye angewatembeza raundi tano kutafuta mahali "panapofaa zaidi". Baadaye nimesoma daftari: "Mji mkuu umejengwa bila upembuzi yakinifu." Nimecheka mpaka nta ikaniganda vidoleni.

Jumatano, 6 Machi

Ugomvi wa kwanza. Nafasi kati ya mji na mji.

Mimi napanga miji karibukaribu, viraba vitatu vya ramani, basi. Gego katikati, halafu Chonge, Pengo na Ufizi kuizunguka. Majambazi wakivamia Pengo, askari wa Chonge amefika raundi hiyohiyo. Na kila mji uko karibu na ikulu, kwa hiyo ufisadi ni kidogo. Huo ndio ufunguo wa mchezo huu wote: mji ukiwa mbali na ikulu, wakubwa wa huko wanakula kila kitu. Unalima ishirini, unapata moja. Na ikulu ni moja tu kwa dola nzima.

Yeye hataki. Eti miji inabanana. Eti kila mji upumue, upate viraba vyake ishirini, hata kama nusu yake havitalimwa mpaka wajukuu wazeeke. Miji yake ameitupa huko — Bomba, na Tangi la Pili. Ukitoka Bomba kwenda Gego unaota mvi njiani. Amesema mimi napanga miji kama meno. Nimemwambia asante.

Mwalimu Mstaafu amekuja kwa mara ya tano. Meno ya juu yanabana, ya chini yanacheza. Nikasugua kidogo kwa tupa, akayavaa, akasema sasa sawasawa, akanisimulia kisa cha enzi zake za ualimu mkuu, akaondoka. Ijumaa atarudi. Watu wanadhani meno ya bandia unamtengenezea mtu, unampa, kwaheri. Wapi! Ufizi unanywea mwaka hadi mwaka. Mteja wangu ni wangu mpaka mmoja wetu azikwe. Nina vinywa mia mbili na ushei mtaa huu na mitaa ya jirani, kazi ya miaka kumi na tisa kwenye chumba hiki cha mbele, na kila kinywa nakijua kwa jina la utani.

Jumamosi, 9 Machi

Mkuu wa Zamu — ndilo jina la mume wangu humu kitabuni, na hajui — amepakia walowezi kwenye meli, amevuka bahari yote, amejenga mji bara la pili. Ameuita Koki. Nyasi tupu. Hakuna adui, hakuna rafiki, hakuna hata jambazi wa kumpigia hodi. Mji mzima unafanya kazi ya mtu mmoja, iliyobaki inaliwa. Ghala tu pale litachukua raundi sitini!

Nimemuuliza wakati wa chakula: bwana, Koki ya nini? Akasema ina nafasi. Nikasema hata kaburi lina nafasi. Hakucheka. Akaniuliza kama napenda hali ya hewa ya baridi. Nikamwambia napenda sweta. Akaniuliza kama sijachoka na kelele za hapa, maana huku kuna karakana ya milango ya chuma na huku redio ya kinyozi. Nikamwambia mimi nasikiliza meno, hayo mengine hata siyasikii. Akarudi kwenye sahani yake.

Daftari la leo: kurasa mbili za Koki. Gego imepata mstari mmoja.

Jumanne, 12 Machi

Majambazi! Wapanda farasi wanane kutoka porini. Chonge, Pengo na Ufizi wamesaidiana, hakuna hata paa lililoungua. Bomba imeporwa mpaka ufagio, askari wa karibu yuko raundi sita.

Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: KILA MJI UPUMUE. Amesoma. Amepiga mstari chini yake kwa rula, akatia saini na saa. Mtu huyu.

Alhamisi, 14 Machi

Kuna jambo.

Nimefungua kompyuta saa sita kama kawaida. Koki inajenga kitu. Nikadhani ni lile ghala. Si ghala. Ni ikulu. Amevusha bahari meli tatu za mafundi na mawe kutoka Bomba na Tangi la Pili, kimyakimya, na pembeni pameandikwa: Ikulu, raundi 40. Ikikamilika, ya Gego inafutika yenyewe.

Kwenye daftari, hakuna. Hata nukta. Mtu aliyeripoti kibarua aliyechelewa njiani!

Sikucheza. Nilimngoja akirudi, nikamuuliza. Akasema, najaribu tu. Nikasema, mbona hukuandika? Akajifanya hamnazo, akaangalia kucha zake. Sasa mimi mtu akiniongopea simwangalii macho, namwangalia taya, ndiyo kazi yangu. La kwake lilikuwa limekaza upande wa kushoto.

Ningeweza kuisimamisha kwa kidole kimoja. Ila kanuni ni kanuni, na yeye ndiye aliyefungua. Nimeiacha. Nimejiambia ni mchezo, mama, usitafute mchawi. Naye akacheza raundi zake kumi, taratibu, ananichungulia.

Ijumaa, 15 Machi

Wifi yangu amepiga simu.

Mikono ina plasta, nikaibonyeza kwa kiwiko, ikawa spika. Mwalimu Mstaafu yuko kwenye kiti, mdomo wazi. Wifi anasema hongera. Hongera ya nini, wifi? Ya kuhama! Kaka yake kapewa kuwa mkuu wa mtambo mzima, kule juu milimani, mwendo wa siku nzima kwa basi, na nyumba yenye bustani. Alisaini mwisho wa mwezi uliopita. Hivi ile benchi yangu ya kazi nitaiacha? Maana ni imara, na jirani yake anatafuta meza ya kukandia unga.

Kumwambia siri wifi yangu ni kumwaga mchele kwenye kuku wengi, na mume wangu analijua hilo tangu azaliwe. Nikasema asante sana, wifi, nitakujulisha habari za benchi. Sauti ilitoka vizuri kabisa, mpaka nikajishangaa. Mwalimu akatoa mguno, kama anauliza unaenda wapi. Nikamwambia ng'ata.

Mwisho wa mwezi uliopita. Gego ilikuwa haijazaliwa.

Nina hasira. Niandike tena: nina hasira. Wala siyo ya kuhama. Ni kwamba mtu niliyeishi naye miaka ishirini na miwili ameniacha niicheke Koki wiki nzima, mbele yake, mdomo umejaa wali, naye anajua. Na raundi zangu kumi za leo nilikuwa nimeshazicheza kabla ya simu. Kwa moyo mweupe nimemsogezea ikulu yake raundi kumi. Kompyuta nimeifunika kitambaa kabla hajarudi, zake asizipate.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemkalisha. Nimempa chai kwanza, nisije nikaambiwa nilimvamia.

Nikamwambia, nasikia tuna bustani. Akameza chai ya moto yote. Halafu akazunguka mbuyu kwa dakika kumi kamili: mtambo ule una pampu sita, maji yake yanatoka chemchemi, mkuu wa zamani anastaafu. Nikasema, mimi nimeuliza habari za pampu? Halafu akasema kitu ambacho hata wifi yangu, na ulimi wake wote ule, asingeweza kukitunga.

Alisema alitaka nione kwanza.

Nione nini? Nione kwamba inawezekana. Ikulu ikihamia Koki, ufisadi wa kule unakwisha, mji unanawiri, nami nitaona kwa macho yangu namba zikipanda. Halafu ndipo angeniambia. Alishapiga hesabu: raundi mia tatu tangu mwanzo, mimi niwe nimeridhika. Akafungua daftari, ukurasa wa nyuma, na kweli — mchoro! Gego, bahari, Koki, mishale. Anajua pampu zote za nchi hii, lakini mkewe anamfikishia habari kwa njia ya majambazi na walowezi.

Nikamuuliza, na Gego je? Ikulu ikiondoka, hapa ndipo panakuwa mbali. Chonge, Pengo, Ufizi, vyote nilivyovibana kuizunguka ikulu vitaliwa. Akasema hapana, Gego itajengewa mahakama, itapunguza upotevu. Mahakama! Nikacheka, kicheko kibaya, kinyozi akapunguza redio. Nikasema, na mimi mahakama yangu ni ipi? Akasema kwa sauti ndogo, unaweza kushuka mara moja kwa mwezi kuwaona wateja wako.

Mara moja kwa mwezi. Siku nzima ya basi kwenda, siku nzima kurudi, na mkoba wa tupa mapajani. Mwalimu Mstaafu peke yake ananihitaji mara mbili kwa wiki.

Basi akatoa fomu mfukoni. Ijumaa ijayo lazima airudishe. Kuna visanduku viwili: anahamia na familia, au peke yake. Akihamia peke yake anapewa chumba kimoja, nyumba anapewa mwingine. Vyote viwili vitupu. Nikamuuliza, utajaza kipi? Akasema, inategemea. Inategemea nini? Akasema, inategemea utakavyoona.

Mwanaume ana miaka hamsini na mmoja. Inategemea nitakavyoona.

Jumapili, 17 Machi

Hatuzungumzi. Tunapishana koridoni kama wapangaji. Kompyuta imefunikwa kitambaa.

Nilikuwa natafuta futi yangu ya kupimia, ile laini. Haipo kwenye droo. Nimeikuta kwenye mfuko wa koti lake la kazi, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameandika kwa mwandiko wake wa daftari: chumba cha nyuma, upana mita tatu na nusu. Dirisha mashariki. Benchi inaingia, inabaki nafasi ya kiti cha mteja. Bomba lipo, presha nzuri. Hospitali haina fundi wa meno ya bandia, wa karibu yuko mji wa chini. Nimeuliza watu kumi na wanne sokoni, kumi na mmoja wamesema wangekuja.

Aliuliza watu kumi na wanne. Amesimama sokoni kwenye mji wa wageni, kumbe ile wiki aliyoniaga anaenda semina, yule asiyeweza kumuuliza kondakta chenji yake, akawauliza watu habari za mapengo yao. Mimi hajaniuliza.

Nimelia kidogo, nimekasirika kwa kulia, nimerudisha karatasi ilivyokuwa. Futi nimeichukua. Ni yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu Mstaafu ametangaza. Saa nne nilikuwa na wateja sita mlangoni, wote meno yanabana ghafla. Mama wa duka la vitambaa kaleta meno ya marehemu mumewe, eti niyatazame kabla sijaenda. Niyatazame kwa ajili ya nani?

Wamenivika kilemba cha ukoka asubuhi nzima: fundi kama wewe hatutampata, mikono yako dawa, Mungu akuweke. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini. Kila mtu na mdomo wake. Nikasugua, nikapuliza, nikasema ng'ata, nikasema tema.

Na mimi nataka nini? Hapa hakuna wa kunisikia, basi niseme. Mara mbili leo nimejikuta nawaza dirisha la mashariki. Sijawahi kufanya kazi kwa mwanga wa asubuhi, hapa jua linaingia saa kumi, limeshachoka. Halafu nikawaza kuamka kule bila kinywa hata kimoja ninachokijua, nikaogopa. Naogopa kweli. Nina miaka arobaini na saba, nianze tena kumfundisha mtu jinsi ya kung'ata?

Na naogopa zaidi kile kisanduku kingine. Chumba kimoja. Yeye kule na kiatu kimoja mlangoni, mimi hapa.

Jumanne, 19 Machi

Amecheza raundi zake kumi. Nimesikia kipanya cha kompyuta kikilia kutoka chumba cha mbele, polepole. Zamu yangu nilikuwa nimeiruka tangu Jumamosi, hakusema kitu. Zilikuwa zimebaki ishirini. Sasa ni kumi.

Kumi ni zangu.

Jumatano, 20 Machi

Saa sita nimeondoa kitambaa. Daftari liko wazi juu ya kibodi, kalamu katikati. Ameandika hivi:

"Raundi 10 zimebaki. Koki: mafundi wako tayari. Gego: hali nzuri. Ukitaka kusimamisha ikulu, simamisha. Nakuruhusu kuifunga." Saini. Saa.

Ananiruhusu!

Nimekisoma kituko hiki nimesimama, nta inachemka jikoni. Nikiisimamisha, mimi ndiye niliyemzuia, na kila pampu itakayoharibika maishani mwake nitakuwa nimeiharibu mimi. Nikicheza raundi kumi, mimi ndiye niliyekubali, na siku nitakapolia kule milimani ataniambia taratibu, lakini wewe ndiye uliyebonyeza. Yeye humo ndani hayupo. Yeye ni mwandika daftari tu. Amekunja maisha yetu yote akayaweka chini ya kidole changu, halafu ameenda kazini kupima klorini.

Nimechomoa waya ukutani. Nta imeungua, chumba kizima kinanuka.

Saa tisa na robo amerudi. Ameona kioo cheusi, ameona waya sakafuni. Hajavua viatu. Akauliza, umeme umekatika? Nikasema umeme upo. Keti.

Amekaa kwenye kiti cha wateja, maana kingine hakuna. Nikamwambia, kesho kutwa unapeleka fomu. Sitaki ramani, sitaki namba, sitaki mahakama. Niulize kwa mdomo.

Akasema, unajua, Koki ikipata —

Nikasema hapana. Bila Koki.

Akasema, kule mtamboni kwa kawaida —

Bila mtambo.

Nimeangalia taya: limelegea, pande zote mbili. Miaka ishirini na miwili na sijawahi kuliona hivyo. Nilitaka kumwonea huruma, nikajizuia, nimevuta kitabu hiki na kalamu mbele yake. Anadhani naandika oda ya mtu.

Swali lenyewe halizidi maneno matatu. Nayajua, yananiwasha ulimini. Jibu langu silijui, nitalijua nikilisikia swali. Mlangoni mteja amegonga, nimesema ngoja. Amegonga tena.

Mume wangu ameweka mikono yote miwili magotini. Amesema, "Mke wangu." Halafu kimya.

Naandika ili nisimsaidie.